Wa Kigoma mnaokuja Ujerumani, jiandaeni na ukimya kwanza

Wadogo zangu mnaonitafuta inbox toka mwisho wa reli, karibu wote mnauliza baridi. Baridi unavaa koti yanaisha. Kitakachokutesa ni ukimya wa watu.

Sisi Ujiji mtu anapiga hodi, akikuta ugali wa muhogo na migebuka ananawa anakula, hakuna aliyempangia saa. Huku hata rafiki yako mnapanga kwa meseji, pengine wiki mbili mbele, na mkisema saa kumi ni saa kumi kweli. Jirani mnapishana kwenye ngazi, salamu fupi, mlango umefungwa, basi unakaa ndani unawaza hawa watu wananichukia. Ubaguzi upo, siwafichi, ila hili la milango wanafanyiana hata wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo msiumie bure.

Ushauri wangu, usisubiri kualikwa, alika wewe. Pika maharage ya mawese, waite wawili watatu, siku wachague wao, watakuja, tena kwa wakati. Halafu jiunge na chama, Wajerumani kila kitu wana chama chake, mpira, kwaya, mpaka bustani, na urafiki wao mwingi unaanzia huko. Mimi watu wangu wa karibu wote nimewapatia kwenye timu ya mpira ya mtaani.

Na stori mnayo jamani! Meli yetu ya Liemba ilijengwa kwao, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vikafungwa kwenye makasha mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915. Wengi wao hawaijui kabisa, ukiwasimulia wanavuta kiti.

Mengine ni ya kufuata tu: ukihamia nyumba kajiandikishe anwani yako ofisi za mji ndani ya siku 14, saa nne usiku punguza muziki, Jumapili maduka mengi yamefungwa so nunua chakula Jumamosi.

Ila Desemba uwe makini sana, Berlin saa kumi jioni giza limeingia na upweke ndo unakaba hapo. Piga simu nyumbani, lakini piga asubuhi maana msimu huo Tanzania iko mbele masaa mawili, ukisubiri utoke kazini usiku mama kashalala. Na wakiomba hela waambie ukweli kodi ya nyumba inakula kiasi gani, taja na namba kabisa, wataelewa.