Mwili Wangu Umeizoea Dawa ya Maumivu: Nimwambie Daktari Nini?

SWALI: Nilivunjika paja katika ajali ya bodaboda hapa Ahero. Kwa miezi minane nimekuwa nikimeza tramadol ya miligramu 50 mara tatu kwa siku, kama nilivyoandikiwa. Mwezi uliopita dawa iliniishia kwa siku mbili, nikatokwa na jasho, nikaharisha na kukesha mpaka nilipopata nyingine. Je, nimekuwa teja? Naogopa daktari akijua ataninyima dawa.

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, kwa ajali na kwa siku hizo mbili. Yaliyokupata ni utegemezi wa mwili, nao si sawa na uraibu. Tramadol ni ya jamii moja na morfini na kodeini, na mtu akiitumia kila siku kwa majuma kadhaa, mwili hujipanga kufanya kazi dawa ikiwemo. Ikikatika ghafla, mambo hugeuka: dawa iliyokuwa ikifunga choo ikikosekana unaharisha, na iliyokuwa ikikutuliza ikikosekana unakesha, huku miayo haikomi na vinyweleo vimesimama. Hali hiyo humpata hata anayefuata maagizo barabara. Mraibu huisaka dawa hata pasipo maumivu, huongeza dozi kwa siri, na haachi ingawa anaona inamharibia kazi na nyumba. Katika barua yako sioni hayo, ila hukueleza hiyo "nyingine" uliipata wapi. Kama uliinunua bila cheti cha daktari, mwambie hilo pia.

Katika duka la dawa ninakofanya kazi, mjini Kisumu, nimewaona watu wakikunja pakiti tupu ndani ya kiganja na kuniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wameiba. Wewe usiifiche. Nenda nayo kliniki, uiweke mezani, useme: "Daktari, nikiikosa dawa hii siku moja tu jasho linanitoka na silali, paja bado linauma nikipanda ngazi, lakini ningependa tuipunguze polepole." Kwa maneno hayo daktari atajua kwamba ana mambo mawili ya kutibu, yaani maumivu yaliyosalia na mwili uliozoea dawa. Mweleze pia kuhusu pombe, dawa za usingizi na dawa za sonona, kwa sababu baadhi yake zikichanganywa na tramadol huweza kudhoofisha pumzi au kuleta kifafa. Akitaka kuikata siku hiyohiyo bila mpango, muulize kwa heshima sababu yake, na una haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine.

Usijiachishe mwenyewe, wala usiongeze dozi. Kwa mtu aliyetumia dawa hii kwa miezi mingi, mara nyingi hupunguzwa takriban asilimia 10 kila baada ya wiki chache au mwezi, na mkisimama kidogo kwenye kiwango fulani hamjashindwa. Asilimia 10 ya miligramu 150 ni 15, na kapsuli ya 50 haigawanyiki hivyo. Ndiyo maana huenda ukaandikiwa dawa ya matone, au hatua zikapangwa kwa namna nyingine.

Ukishaacha, mwili hupoteza ule uzoefu upesi, na dozi uliyoimudu zamani inaweza kukuzidi nguvu. Kapsuli zitakazobaki zirudishe kwa mfamasia, usiziweke nyumbani.