Usitupie hata mstari mmoja kwenye grupu la ukoo (kwa anayejiandaa na maneno 50,000 ya Novemba)

Usifanye hivyo. Mada yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimegota pale uliposema kwamba kila usiku utaweka ulichoandika kwenye grupu la familia, na hapa jukwaani pia, "ili watu wanisukume nisiishie njiani." Umeuliza na mengine: programu gani ya simu inafaa kuandikia, na mtu mwenye kazi ya kutwa na bustani ya mchicha ataupata wapi muda wa maneno 50,000 ndani ya siku 30. Hayo yanaweza kusubiri. Hili haliwezi, kwa sababu Novemba imekaribia na unakwenda kukanyaga pale pale nilipokanyaga mimi.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini. Kutunga visa ni burudani yangu tangu shule ya msingi. Wenzangu walichora magari nyuma ya madaftari, mimi niliandika watu wanaogombana. Nilipokuwa fundi nikahamia kwenye daftari la vipimo, kiuno cha mteja upande huu, kisa upande ule. Mwaka 2023 nikasikia habari za changamoto hii ya NaNoWriMo, kuandika kitabu cha maneno 50,000 ndani ya Novemba, yaani maneno 1,667 kwa siku, nikasema safari hii kitabu nakimaliza. Novemba kwa fundi ni mwezi mzito: nguo za Krismasi zinaingia, sare za harusi za Desemba zinaingia, na mama anayeleta kitambaa leo anakitaka Ijumaa. Lakini kazi haikunishinda. Nilifunga saa mbili usiku, nikala, nikaandika mpaka saa sita. Siku kumi na tatu sikukosa hata moja.

Kilichonimaliza ni ushauri. Nililipa shilingi 30,000 kuingia darasa la uandishi la WhatsApp. Jina la mwenye darasa silitaji. Alitufundisha wiki moja, na somo lenyewe lilikuwa moja tu: mwandishi anayeficha kazi yake ni mwoga, tupia kila siku, anza na watu wako wa karibu kwa sababu wanakupenda. Alilirudia kwa sauti za dakika tano tano. Hakuna siku aliyouliza tunaandika nini. Hakuna siku aliyotuambia kwamba hao watu wa karibu ndio hao hao tutakaowaandika.

Basi nikatupia. Grupu la ukoo wetu lina watu 63, na mwanzoni ilikuwa raha tupu. Shemeji yangu aliyeko Muscat anaamka anauliza sehemu inayofuata iko wapi. Mama wadogo wananipigia katikati ya kazi. Siku ya nne wakaanza kuniamulia nani aolewe na nani. Siku ya sita nikamfufua mtu niliyemzika sura ya pili, kwa sababu binamu zangu walimlilia. Hapo ndipo ningeshtuka, kwamba hadithi imeshatoka mikononi mwangu. Sikushtuka, nilikuwa nimelewa sifa.

Siku ya kumi na nne nikaishiwa. Soma hapa polepole, ndipo penyewe. Ni saa nne usiku, nina maneno mia tatu, nahitaji 1,667, nguo za wasindikizaji wa bibi harusi ziko mezani hazijatiwa vifungo, na watu 63 wanasubiri. Mtu akiwa katika hali hiyo hatungi. Anachukua kilicho karibu. Karibu yangu alikuwepo shangazi.

Shangazi ndiye aliyenifundisha kushona. Cherehani nilichojifunzia ni chake, Singer cheusi cha mkono, chenye maandishi ya dhahabu yaliyoanza kufutika. Ukoo mzima unaijua habari ya cherehani kile: kwamba mume wake wa kwanza alimwachia walipoachana kwa amani, kule Gulwe, mwaka 1984, akarudi kwao Kilosa na mtoto mchanga. Mimi peke yangu niliambiwa habari nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunapinda koti la mteja, mvua inanyesha, akanisimulia kwamba amani haikuwepo. Aliondoka usiku. Alikifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye ubao wake, akakiviringisha kwenye khanga, akakipakata. Mtoto akamfunga mgongoni. Akapanda treni akashuka Kilosa alfajiri. Ndani ya behewa watu walimpisha akae, wakidhani ana mapacha.

Nikaiandika. Nilibadilisha jina, nikaihamisha stesheni nikaiweka Itigi, nikamfanya mwanamke yule mrefu wakati shangazi ni mfupi, nikadhani nimeficha. Kichwa cha cherehani ndani ya khanga nikakiacha kama kilivyo, na mapacha nikawaacha, maana ndiyo yaliyokuwa mazuri. Maneno 1,712 kwa saa mbili. Sijawahi kuandika vile, si kabla wala baada. Saa sita kasoro nikatupia, nikalala usingizi mzito.

Asubuhi grupu lilikuwa kimya. Watu 63, hakuna hata dole gumba. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa saa kumi na moja alfajiri, kutoka kwa binamu yangu, yule mtoto wa mgongoni, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 39 na watoto wake watatu: "Mama, huyu ni wewe?"

Mbele ya wote. Alikuwa hajui. Maisha yake yote aliambiwa kwamba baba yake aliwasindikiza mwenyewe mpaka stesheni.

Shangazi alinipigia saa mbili. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza, "Cherehani changu umekiuza shilingi ngapi?" akakata simu, na hakupokea yangu tena kwa miezi saba. Aprili tulikutana kwenye harusi ya mdogo wangu, akapita mbele yangu amejifunga khanga yenye jina "Mdomo uliponza kichwa." Mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Wanawake wote pale wakaisoma, kisha wakanitazama mimi. Anayetaka kuniambia kwamba nakuza mambo, aanze kuvaliwa khanga yeye, halafu aje tuzungumze.

Yule mwenye darasa nilimwandikia siku ile ile. Nilimweleza yote, nikamuuliza nifanye nini. Akajibu kwamba hiyo ndiyo nguvu ya sanaa, na kwamba nisiache kutupia kwa kuwa sasa nimewagusa wasomaji. Kuwagusa! Mama wa watu haongei na mwanawe, yeye ananipongeza. Mwaka huu nimeona tangazo lake tena, bei imepanda. Nina hasira naye mpaka leo na sioni haya kusema, kwa sababu shilingi 30,000 ningezisahau, lakini alichukua imani ya wanafunzi ambao wengi wao hawakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko barua, akawapeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kusimama. Sijamwona hata siku moja akitupia hadithi kwenye grupu la ukoo wake.

Kitabu kikafia hapo, neno la 23,383. Nilijaribu kuendelea siku mbili zaidi. Kila mhusika niliyemgusa niliona sura ya mtu wa kwenye grupu akinitazama.

Sasa, kwa nini nakwambia kosa ni kutupia na si kuandika? Kwa sababu nimelipindua jambo hili usiku mwingi. Rasimu ya kwanza hukopa. Ukiandika kwa kasi ile huna nafasi ya kubuni pua ya mtu, unachukua pua ya jirani, na sauti ya mama yako, na ugomvi wa kaka yako na mkewe. Kila anayeandika anafanya hivyo na wala si dhambi. Dawa yake inakuja baadaye, ukishamaliza, ukaiacha rasimu ipoe miezi miwili, ukarudi na wembe ukaanza kufumua. Cherehani kinakuwa redio. Treni inakuwa jahazi. Shangazi anakuwa mjomba. Mimi ningeyafanya hayo yote Februari, na hakuna ambaye angejua. Nyinyi wenye ndugu mafundi mnajua bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza kitambaa kabla ya kukipitisha kwenye cherehani. Rasimu ya Novemba yote ni bandi. Hakuna fundi anayemvisha mteja gauni la bandi akamwambia haya, nenda harusini.

Na changamoto yenyewe haijawahi kumtaka mtu asomwe. Ilianza San Francisco mwaka 1999, Chris Baty na wenzake, watu 21 kwa jumla, na mara ya kwanza waliandika Julai. Novemba ilikuja mwaka uliofuata. Baadaye likawa shirika lenye tovuti, na tovuti ile ilihesabu maneno, basi. Ukifika 50,000 umeshinda, bila mtu kusoma hata ukurasa wako mmoja. Shirika lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga, lakini ule utaratibu wa kuhesabu bila kusoma ndio uliokuwa na akili, nao ndio yule bwana wa darasa aliutupa. Unataka kusukumwa? Watu wape namba. "Leo 1,450, nimepungukiwa." "Leo 2,010." Watakucheka ukilala, watakushangilia ukifika, na hadithi yako itabaki chini ya godoro. Namba toa, hadithi ficha. Kama hukumbuki kingine katika jibu hili, kumbuka hicho.

Kuna ndugu hapo juu amekujibu kwamba mbona watu wanauza hadithi Facebook sehemu kwa sehemu na wanaishi, mbona magazeti yetu yamechapisha riwaya za "itaendelea" miaka nenda rudi. Ni kweli, nami nilikua nikizisubiri hizo za magazeti. Lakini gazetini kati ya mwandishi na msomaji amekaa mhariri, na msomaji akikasirika aliandika barua ikafika baada ya wiki. Wewe huna mhariri. Una watu wa ukoo wenye simu mikononi saa sita usiku. Na wale wa Facebook ninaowafahamu mimi hawaweki sehemu ya kwanza kabla hawajawa na ishirini ndani. Hawaandiki leo cha leo.

Jambo jingine, ambalo hakuna aliyelisema na litakusaidia: usijipime na Kiingereza. Neno letu moja linabeba mzigo mkubwa. "Nisingelimwambia" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji sita kusema hivyo hivyo. Kwa hiyo maneno 50,000 ya Kiswahili ni kitabu kinene kuliko walichokuwa wanaandika kule San Francisco, na ile 1,667 ya kila siku ni nzito kwetu kuliko kwao. Mimi nikifika 35,000 nitasema nimemaliza, na atakayebisha aje tuhesabu. Ukilijua hili hutafika siku ya kumi na nne umekamuka kama nilivyokamuka, ukaanza kupapasa maisha ya ndugu zako.

Shangazi tumepatana, kama mnataka kujua. Juni 2024 nilikwenda Kilosa na mjomba wangu mkubwa, kilo tano za sukari na doti moja ya khanga, tukakaa kwenye mkeka tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alipopokea alisema, "Ungeniuliza ningekupa na yale usiyoyajua." Yale sijayapata hadi leo. Yeye na mwanawe wameshazungumza, na hayo ni yao, siyaandiki. Jibu hili lenyewe nimemsomea kwa simu jana kabla sijaliweka. Amelikubali, ila akanitaka nibadilishe jina la stesheni aliyopandia treni, nami nimebadilisha.

Naandika tena tangu Agosti, kwa kalamu, kwenye kaunta buku, kisa kipya kabisa cha mvuvi wa Bwawa la Mindu. Nahesabu maneno 200 kwa ukurasa, na jana usiku nilikuwa 18,400. Kwenye grupu la ukoo wanaijua namba hiyo. Jina la mvuvi hawalijui, hata shemeji wa Muscat ambaye ananibembeleza kila Ijumaa.

Novemba 1 usiku njoo kwenye uzi huu uniandikie umefikia ngapi. Namba tu. Ukibandika aya, naripoti kwa wasimamizi waifute.