Bomba la kupigia dawa miti ya matunda nyumbani: anza na nozo, tangi baadaye

Mtu akiingia duka la pembejeo kutafuta bomba la kupigia dawa, swali la kwanza huwa "la lita ngapi?" Muuzaji humshushia lile la mgongoni la lita 16, kwa kuwa ndilo wanaloondoka nalo wakulima wa nyanya na mahindi. Kwa mwenye michungwa mitatu, mwembe mmoja na kichanja cha pasheni nyuma ya jiko, ukubwa wa tangi ndio jambo la mwisho kuangaliwa. Kinachoamua ni urefu wa miti, aina ya dawa utakayopiga, na kama vipuri vya bomba hilo vinapatikana karibu na kwako.

Tuanze na urefu. Mtu wa kimo cha kawaida akiinua mkono na fimbo ya sentimita 60 inayokuja na bomba, nozo (ile ncha inayotoa ukungu wa dawa) hufika kama mita 2.5 kutoka ardhini. Ukungu wa dawa hupanda kidogo tu juu ya hapo, halafu unaishiwa nguvu na kumrudia mpigaji kichwani. Kwa hiyo mti wa mita 3 unafikika bila shida. Ukiongeza fimbo ndefu ya kuvuta, zile zinazorefuka hadi mita 2 na zaidi, unafika mita 4. Mwembe wa dodo uliokwenda mita 10 haupigiki kwa bomba la mgongoni la kupampu kwa mkono wala la betri, hata muuzaji aseme nini. Huo una njia mbili: kukodi mtu mwenye pampu ya injini na mpira mrefu, au kuushusha. Kuushusha ndiko ningekopendelea. Baada ya mavuno, kata kwanza matawi ya katikati yanayopanda wima, usizidishe theluthi moja ya mti kwa mwaka, na ndani ya misimu mitatu utakuwa na mti unaofikika kwa dawa na kwa kuchuma. Kupanda ngazi ukiwa na tangi mgongoni ni jambo la kusahau kabisa, maana maji yakicheza ndani ya tangi yanakuvuta upande.

Kabla ya kununua, pima pia kiasi cha dawa unachohitaji. Azima bomba lolote, tia lita 5 za maji matupu, piga mti mmoja mpaka majani yalowe yote lakini kabla ya kuanza kudondosha matone, kisha pima yaliyobaki. Mchungwa wa mita 2 kwa kawaida hunywa lita moja hadi mbili. Zidisha kwa idadi ya miti yako. Ikiwa jumla haifiki lita 8, bomba la lita 16 litakuwa mzigo tu: tangi likijaa ni kilo 16 za maji, bado uzito wa bomba lenyewe.

Mabomba yenyewe

Dogo la kushika mkononi, la lita 1 hadi 2, linafaa miche, mizabibu michanga na kuua vidung'ata kwenye tawi moja. Zaidi ya hapo kidole kitachoka kabla ya wadudu.

La lita 5 hadi 8 la kujaza upepo, lenye mkanda mmoja wa begani, ndilo linalofaa nyumba nyingi. Unapampu juu, unafunga, unapiga. Udhaifu wake ni kwamba presha hushuka kadiri unavyopiga, na matone hunenepa bila wewe kuona. Acha nafasi ya theluthi moja juu kwa ajili ya upepo, yaani lile la lita 8 lisizidi lita 5 na kidogo, na pampu tena mara ukungu unapoanza kuonekana kama manyunyu ya mvua. Udhaifu wa pili ni kwamba halina kikorogeo, hivyo dawa za unga hutuama chini. Litikise kila baada ya mti mmoja.

La mgongoni la mpini lina presha ya kutosha muda wote mradi mkono unakwenda, na mengi yana kikorogeo ndani kinachochezeshwa na mpini. Hili ndilo la mwenye miti kumi na zaidi, au mwenye robo eka ya zabibu. La betri ni lile lile lenye pampu ndogo ya volti 12. Linaacha mkono mmoja huru kufunua majani, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Chagua lenye mpini wa akiba, maana betri itakufa siku moja katikati ya msimu. Betri za asidi ni nzito na huharibika zikiachwa tupu, kwa hiyo chaji kabla ya kuhifadhi na rudia kila mwezi hata kama hulitumii.

Lile la injini linalopuliza upepo tunalishauri kwa shamba tu. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, nusu ya dawa itatua kwenye nguo za jirani.

Nozo

Bomba la bei nzuri lenye nozo mbovu ni hasara, na bomba la kawaida lenye nozo nzuri hufanya kazi. Kwa miti na mimea inayotambaa unataka nozo ya koni tupu, ile inayotoa duara la ukungu lililo wazi katikati. Matone yake madogo huzunguka ndani ya majani na kushika pande zote. Nozo bapa, inayotoa dawa kama feni, ni ya magugu. Nozo ya plastiki ya kuzungusha inayokuja na mabomba mengi inatosha kuanzia, lakini irekebishe ukiwa umetazama: ifunge, kisha ifungue polepole mpaka ukungu uwe mpana bila mstari wa maji katikati.

Dawa za unga husugua tundu la nozo kama msasa. Nozo ikiwa mpya, piga maji ndani ya chombo chenye vipimo kwa dakika moja na uandike kiasi kwenye ubavu wa tangi kwa kalamu isiyofutika. Kila mwanzo wa msimu rudia. Ikizidi kiasi cha mwanzo kwa asilimia 10, itupe. Ikiziba, tumia mswaki wa zamani. Pini na waya hupanua tundu, na kupuliza kwa mdomo ni kunywa dawa.

Dawa inachagua bomba

Salfa ya kuzuia ubwiri unga (ugonjwa wa kuvu unaoonekana kama unga mweupe) kwenye maua ya mwembe na kwenye zabibu ni ya unga, inataka kikorogeo na chujio mbili, moja mdomoni mwa tangi na moja kwenye mshikio wa fimbo. Mafuta ya kuua vidugamba (wadudu wenye magamba wanaoganda kwenye matawi), na ya mwarobaini pia, hulainisha na kuvimbisha raba za kawaida. Uliza kama sili zimetengenezwa kustahimili mafuta. Mafuta ya mwarobaini, kwa kawaida mililita 5 kwa lita moja ya maji pamoja na sabuni ya maji kidogo, huelea juu usipotikisa, na mti wa kwanza utapata maji huku wa mwisho ukiungua majani. Salfa na mafuta visikutane: acha wiki mbili kati ya moja na nyingine, na salfa usiipige joto likizidi nyuzi 32.

Mrututu (salfeti ya shaba, ile chumvi ya bluu) na chokaa, dawa ya kuzuia kuvu, ni kisa cha peke yake. Kwa lita 10, yeyusha gramu 100 za mrututu kwenye ndoo moja ya plastiki, koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa kwenye ndoo nyingine, kisha mimina mrututu ndani ya chokaa huku unakoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo majani yataungua. Chuja kwa kitambaa na utumie siku hiyo hiyo. Mchanganyiko huu hula chuma, hivyo tangi liwe la plastiki, na fimbo iwe ya shaba nyeupe, chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu.

Dawa ya magugu iwe na bomba lake, lenye alama ya rangi nyekundu. Mzabibu hauvumilii dawa ya magugu iitwayo 2,4-D hata kidogo. Mabaki yaliyojificha kwenye mpira wa bomba lililosuuzwa vizuri yanatosha kukunja majani machanga.

Dukani

Omba maji lita mbili, ujaribu pale pale. Pampu, kisha funga fimbo na subiri: maji yakitokeza kwenye maungio au kwenye mshikio, weka chini. Vaa bomba la mgongoni, uiname kama unayefunga kamba za viatu. Kifuniko kibaya kitakumwagia shingoni, na afadhali yawe maji kuliko dawa. Mdomo wa tangi upitishe ngumi. Mikanda iwe mipana. Halafu uliza vipuri: washa za pistoni, oringi (pete za raba) za fimbo, nozo, chujio. Muuzaji akisema "haviharibikagi", nenda duka la jirani. Ukinunua, chukua oringi na washa za akiba siku hiyo hiyo.

Dawa nayo ikaguliwe: lebo iwe na namba ya usajili, ya TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya (mamlaka zinazosajili viuatilifu), na jina la zao lako liwemo. Vipimo vya lebo mara nyingi huandikwa kwa lita 20, nawe una 5. Ikisema mililita 20 kwa lita 20, unahitaji mililita 5, na kipimo sahihi ni bomba la sindano, la kazi hiyo tu. Kizibo cha chupa hakina ukubwa mmoja. Kwa dawa ya unga nunua mizani ndogo isiyorudi jikoni.

Kupiga mimea ya kichanja

Ubwiri vinyoya wa zabibu, ugonjwa mwingine wa ukungu, huingia kwa chini ya jani, kwa hiyo dawa inayotua juu tu haisaidii. Fimbo iwe na kona ya kugeuza nozo itazame juu, na upige ukiwa chini ya kichanja, ukirudi nyuma ili usipite kwenye ukungu wako mwenyewe. Kofia ya ukingo mpana, miwani, barakoa yenye kichujio, glavu, na suruali nje ya buti. Pasheni iliyosongamana ipunguzwe kwanza, maana hakuna presha ya bomba la nyumbani inayopenya vikonyo vilivyofungamana.

Saa nayo ina maana. Asubuhi umande ukishakauka na kabla ya upepo, kama saa 1 hadi saa 3, panafaa kwa miti mingi. Lakini pasheni ya zambarau hufungua maua alfajiri na kuyafunga kama saa sita mchana, hivyo dawa ya wadudu ipigwe jioni. Ya njano hufungua mchana, nayo ipigwe asubuhi mapema. Ukimuua yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, usishangae maua yakipukutika bila tunda. Mwembe ukiwa na maua yaliyofunguka, salfa inaruhusiwa, dawa ya wadudu iache.

Likigoma

Presha isipopanda kwenye bomba la mpini, washa ya pistoni imekauka au imechakaa, au kipande cha uchafu kimekwama kwenye valvu. Fungua, osha, paka grisi ya silikoni. Grisi ya gari huvimbisha raba. Fimbo ikiendelea kudondosha baada ya kuachia, ni oringi ya mshikio. Ukungu ukikatika-katika, chujio limejaa au mpira wa kunyonya ndani ya tangi umepata ufa na unavuta hewa, na ufa huo huwa mahali mpira unapoungana na pampu.

Ukimaliza, suuza mara tatu kwa maji kidogo kidogo, kila mara ukipitisha maji kwenye fimbo, na maji hayo yamwagie ile miti uliyoipiga, mbali na kisima na karo. Toa presha kabla ya kufungua lile la kujaza upepo. Litundike kichwa chini, kifuniko wazi, kivulini, kwa sababu jua huifanya plastiki iwe kavu na kupasuka, na tangi la upepo lililopasuka likiwa na presha ni hatari kweli. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka shingo ya tangi, usilitie gundi. Nozo na fimbo vitoe uhamishie kwenye jipya.