Ncha zimekubali, katikati kumeliwa: kwa mnaoanza kushika BAC

Kila kundi jipya likiingia maabara, makosa ni yale yale. Wadogo zetu, mmelelewa na plazimidi (duara ndogo za DNA za bakteria) za kb 5 (kb moja ni jozi 1,000 za besi) na mikono yenu imezizoea. Sasa mmekabidhiwa BAC, kromosomu bandia ya bakteria, ya kb 150 na mnaishika vilevile, halafu jeli ikitoka na ukungu mnauliza kama agarosi imeharibika. Agarosi haina kosa.

1. Hakuna vorteksi (mashine ya kutikisa mirija). DNA ya kb 150 hukatika kwa kusukwasukwa tu. Mkishatia bafa ya alkali ya kupasua seli, geuzeni mrija polepole mara chache, msivuke dakika 5, kisha asetati ya potasiamu na barafu. Kolamu za silika waachieni wenye plazimidi: huko DNA ndefu hukatika, na inayosalimika haing'oki vizuri. Tumieni isopropanoli, osheni kwa ethanoli 70%, msikaushe kupita kiasi, muiache iyeyuke yenyewe kwenye TE (bafa ya kutunzia DNA) usiku kucha kwa nyuzi 4. Ncha ya pipeti ikatwe ipanuke. Na ikae kwenye friji, isigandishwe na kuyeyushwa kila mnapoihitaji.

2. Mavuno ni madogo kwa sababu lazima yawe madogo. Vekta, yaani DNA inayobeba kipande chenu, inatokana na plazimidi F, nakala moja au mbili kwa seli. Pigeni hesabu wenyewe: jozi 150,000 za besi, kila jozi daltoni kama 650, seli bilioni 2 kwa ml, nakala moja kila seli. Hiyo ni mikrogramu 0.3 kwa ml, tena kwa mtu asiyepoteza hata tone. Anayetarajia mikrogramu 20 kutoka ml 5 anaota. Kama vekta yenu ni pCC1BAC ndani ya bakteria aina ya EPI300, arabinosi (sukari) 0.01% itapandisha nakala, lakini akiba ya gliseroli (seli za kugandishwa) ichoteni kwenye chupa isiyotiwa arabinosi. Nakala zikiongezeka, na nafasi ya kipande kujipanga upya inaongezeka.

3. Nyuzi 32 maana yake nyuzi 32. Hili ndilo linaloumiza, kwa hiyo tukae nalo.

SW102, bakteria tunaowatumia kurekebisha BAC, imebeba profaji (DNA ya virusi iliyojificha) ya lamda iliyolemazwa, na kizuizi chake, cI857, hushikilia kwa nyuzi 32 na kuachia kwa 42. Mnaweka seli dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 42, mnazitumbukiza kwenye barafu ya maji mara moja, na exo, bet na gam (protini za mfumo wa Red, unaounganisha DNA zinazofanana) zimeshatengenezwa za kutosha kwa kazi. Kila mtu anaweza kulikariri hili. Na bado kila msimu kuna anayemaliza kusambaza seli jioni, amechoka, sahani zinaingia inkubeta ya 37 pamoja na za wengine. Asubuhi koloni zimeota, tena kubwa kuliko zile za 32, na mwenyewe anatabasamu.

Kumbe kwa 37 kizuizi kinavuja. Red inafanya kazi kidogo kidogo usiku kucha ndani ya seli yenye kipande cha jenomu ya binadamu, na kipande hicho kimejaa Alu, mfuatano unaojirudia, kila moja karibu besi 300 na zote zikifanana. Alu mbili zikiungana, kilicho kati yake kinatoka. Seli haijali: ukinzani dhidi ya kloramfenikoli, antibiotiki ya kuchagulia, unatokana na jini iliyo kwenye vekta, si kwenye kipande chenu. Seli iliyopoteza kb 40 inaota sawasawa na iliyokamilika.

Halafu inakuja hatua ya DOG (deoksigalaktosi), ya kuondoa galK, jini mliyoiweka kwanza mahali pa marekebisho, na hapo uharibifu unalipwa mshahara. DOG huua seli yenye galK. Haiulizi galK iliondokaje. Seli iliyopokea oligo yenu (DNA fupi yenye marekebisho) inapona. Seli iliyofuta galK pamoja na kb 40 za jirani inapona pia. Mkipiga PCR kwenye eneo la marekebisho, hii ya pili haitoi bendi, na badala ya kuielewa mnasema Taq (kimeng'enya cha PCR) imechoka, mnarudia na Taq mpya. Mbaya zaidi ni ile iliyopata marekebisho sahihi lakini imepoteza kipande mahali pengine kabisa. PCR inakubali. Mfuatano wa ncha zote mbili unakubali. Mnaandika "imethibitishwa" kwenye daftari na kuipeleka ikadungwe kwenye mayai ya panya. Miezi inapita, jini haijielezi, lawama zinaangukia promota (swichi ya jini).

Kusoma ncha mbili peke yake ni kuhesabu mabehewa ya treni kwa kutazama kichwa na behewa la mwisho. Chukueni koloni 8 angalau. Kateni kwa NotI (kimeng'enya cha kukata DNA), piteni kwenye PFGE (jeli ya DNA ndefu, yenye mkondo unaobadili mwelekeo): agarosi 1%, TBE 0.5x, nyuzi 14, volti 6 kwa sentimita, pembe 120, sekunde 5 hadi 15, saa 16. Kwa vekta ya pBeloBAC11 mtaona bendi ya vekta, kb 7 na ushei, na zilizobaki zijumlisheni. BAC mzazi ikae mstari wa pembeni, si kwenye picha ya mwaka jana. Lakini PFGE haitawaonyesha upungufu wa kb 3 ndani ya 150, kwa hiyo kateni pia kwa HindIII au EcoRI, jeli ya kawaida, volti ndogo usiku kucha, mlinganishe bendi kwa bendi na ramani iliyokokotolewa na programu. Na huyo mzazi mwenyewe, akitoka maktaba ya kloni, mchanjeni upya kwenye sahani mpate koloni mojamoja kabla ya chochote. Visima vya maktaba huchanganyika.

4. Cheche kwenye elektroporesheni (kuingiza DNA kwa mshtuko wa umeme): chumvi. Isafisheni DNA, msiongeze volti.

5. YAC, kromosomu bandia ya hamira. Hubeba hadi kb 1000 na zaidi, lakini kloni nyingi ni mchanganyiko wa vipande visivyo vya jirani, kwa sababu hamira huunganisha DNA inayofanana bila kusita. Ndiyo maana BAC, iliyotolewa na Shizuya na wenzake 1992, ikapendwa kwa ramani za jenomu. Mkilazimika kutumia YAC, kagueni ncha zote mbili zimetoka kromosomu moja, kisha bado kagueni katikati.

6. Mliotoka kwenye kompyuta. Katika algoriti jenetiki, kromosomu ni safu ambayo urefu wake mmeupanga wenyewe, na hakuna biti inayopotea bila kuandikiwa. Hii yetu hupoteza. Jambo la kupendeza ni kwamba inaweza kubeba data vizuri: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tianjin walieleza kromosomu bandia ya kb 254 ndani ya hamira, yenye picha mbili na video fupi. Asilimia 95.27 ya mfuatano ilikuwa data, na ilibaki imara hadi kizazi cha 100. Waliiunganisha kwa TAR (hamira yenyewe huunganisha vipande), wakaweka ARS za kuiwezesha kunakiliwa, na msimbo wao ulivumilia besi zinazoongezeka au kupungua wakati wa kusoma kwa nanopo (kifaa cha kusoma DNA).

Sasa kosa lenu: kuweka kichwa kilekile mwanzoni mwa kila pakiti, kama mlivyozoea kwenye mtandao. Kwa hamira, kichwa cha besi 60 kinachojirudia ni mwaliko wa kuunganisha pakiti ya 2 na ya 9 na kutupa zote zilizo kati yake. Fanyeni XOR ya kila kitalu, kichwa kikiwemo, na mfuatano nasibu-bandia wenye mbegu tofauti, mtafute marudio kwenye kromosomu nzima, mkate yaliyobaki, ndipo mpeleke oda ya sintesisi.