Jiko la gesi la kupikia pombe nyumbani: niliyojifunza kwenye upepo wa Dodoma

Jiko langu la kwanza la pombe nililinunua kwa macho. Muuzaji aliliwasha mbele ya duka bila sufuria juu yake, moto ukapanda karibu nusu mita huku ukinguruma, watu wakasimama kutazama, nami nikatoa hela. Ilikuwa Agosti. Aliyewahi kukaa Dodoma anaujua upepo wa Agosti: unaanza asubuhi na vumbi lake na jioni bado upo. Nilipolifikisha nyumbani Nkuhungu, nikaliweka uwanjani na kubandika sufuria yenye lita 40 za maji, moto ule ule ulilala upande kama nyasi. Saa mbili zikapita maji yanatoa mvuke tu, hayachemki, na kabla jua halijazama mtungi wangu wa kilo 6 ulikuwa umefanya barafu nyeupe kuzunguka kitako.

Tangu siku hiyo nimebadilisha jiko mara mbili. Ninamwandikia mtu anayetaka kuanza kupika bia yake nyumbani, iwe ya shayiri na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, au ya mtama wetu wa huku, ambaye sasa anazunguka madukani akitazama majiko. Ombi langu kwake ni kwamba jiko liwe kitu cha mwisho kununuliwa. Kwanza ujue sufuria yako ni ya lita ngapi, mtungi wako ni wa kilo ngapi, na jiko litasimama wapi.

Tuanze na sufuria, maana hesabu yake haina siri. Lita 40 za maji yenye nyuzi 25 zinahitaji joto la takriban megajuli 12 kufika kwenye mchemko. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Jiko la kawaida la nyumbani, lile la plati mbili, hutoa kama kilowati 3 kwa kila plati, na karibu nusu ya joto hilo hupotelea hewani. Ukigawanya unapata zaidi ya saa mbili kabla ya kuona mchemko, tena ndani ya nyumba pasipo upepo. Kwa lita 10 plati ya nyumbani inatosha kabisa, na ninamshauri anayeanza aanze hivyo hivyo. Kwa lita 20, tafuta jiko la kilowati 6 au 7. Kwa lita 40, kilowati 10 hadi 12. Majiko mengine hayaandikwi kilowati, yanaandikwa kiasi cha gesi kwa saa. Hapo kumbuka kwamba kilo moja ya gesi ina karibu kilowati-saa 13, hivyo jiko linalokula gramu 780 kwa saa ni la kilowati 10.

Kuna majiko ya kilowati 20 na zaidi. Mimi siyapendi kwa pombe, na sababu yangu niliipata kwa shangazi yangu anayeishi Mvumi.

Shangazi hupika ujimbi, pombe ya mtama ya Wagogo, kwa kuni na mafiga, na hajawahi kuunguza. Nilimpelekea jiko langu la pili akalione, lile lenye tundu moja katikati linalorusha moto kama pampu. Alikoroga uji wa mtama kwa muda, akanusa, akaniambia, "Mwanangu, moto wako unapika mahali pamoja. Chini pameshaungua." Nilimjibu, "Shangazi, mbona nimepunguza?" Akasema, "Umepunguza urefu wake. Hujautandaza." Tulipomimina, kitako cha sufuria kilikuwa na duara jeusi la ukubwa wa sahani, na pombe ile ilikuwa na ladha ya moshi hadi tone la mwisho.

Maneno yake yamenisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri: shayiri inalainika kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, mtama unafika karibu 70 na kuvuka. Lakini vimeng'enya (chembechembe za asili) vya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 68, na ukivipeleka mbali juu ya hapo vinakufa. Ndiyo maana unga wa mtama tunaupika kwanza kama uji, tunauacha upoe, ndipo tunaweka kimea. Uji mzito juu ya moto wa tundu moja lazima ushike chini. Kwa hiyo ukiwa unapika mtama, tafuta jiko lenye kichwa kipana, cha duara mbili au tatu zenye matundu madogo mengi, aina wanayotumia wakaanga chipsi na wapika ubwabwa wa shughuli. Mpikaji wa shayiri anaweza kuvumilia tundu moja kwa sababu anachochemsha ni maji matamu ya kimea yaliyokwisha kuchujwa. Mpikaji wa mtama hawezi.

Jaribu pia kama jiko linashuka. Dukani kila muuzaji atakuonyesha linavyopanda. Wewe mwombe apunguze mpaka mwisho, ahesabu hadi mia, na moto usizimike wala usirudi ndani ya bomba kwa mlio wa "pu". Kazi ya kulinda nyuzi 66 kwa saa nzima ni ya moto mdogo unaowashwa na kuzimwa, na jiko lisiloweza kutulia litakutesa kila mara.

Sasa mtungi. Ile barafu niliyoona siku ya kwanza sikuielewa, nikadhani gesi ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ndani ya mtungi gesi iko kama maji, na ili igeuke kuwa hewa ya kuwaka lazima ivute joto kutoka kwenye chuma cha mtungi chenyewe. Jiko kubwa likinyonya haraka, mtungi mdogo unapoa kuliko unavyoweza kujipasha, presha inashuka, moto unafifia huku gesi bado imo. Gesi tunayouziwa ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo mtungi ukishapoa butani inabaki imelala chini. Kuanzia kilowati 10 usitumie mtungi wa kilo 6. Chukua wa kilo 15, na kama unapika lita 100 kwa mkupuo, wa kilo 38. Nimewahi kuona mtu akiweka makaa karibu na mtungi ili "kuupa nguvu". Tafadhali, usifanye hivyo kamwe, wala usiufunike, wala usiulaze.

Regyuleta, kile kifaa kinachofungwa kwenye kichwa cha mtungi kudhibiti presha ya gesi, ndiyo inayoamua nguvu ya jiko, na hapa wengi tunakosea. Regyuleta ya nyumbani hutoa presha ndogo, karibu milibari 30. Jiko la presha ya juu likifungwa hapo litatoa moto wa mshumaa, utasema umeuziwa bovu. Kinyume chake ni hatari: jiko la nyumbani likifungwa kwenye regyuleta ya presha ya juu, moto utaruka juu ya kichwa na mpira unaweza kuchomoka. Nunua jiko na regyuleta vinavyooana, kutoka mkono mmoja ikiwezekana. Nenda na picha ya kichwa cha mtungi wako kwenye simu, kwa sababu si kila regyuleta inaingia kwenye kila mtungi. Na mpira uwe wa gesi, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, uliokazwa kwa klipu pande zote mbili. Pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo kabla ya kuwasha, siku zote, hata kama jana ulipima.

Upepo nimeuweka huku mwisho ingawa ndio ulionifundisha. Nilikuwa nikifikiri dawa yake ni jiko kubwa zaidi, nikawa nachoma gesi zaidi na upepo unaibeba. Fundi wa kuchomelea mtaani kwetu alinitengenezea kizuizi cha bati nene, pande tatu, kinachofika kwenye theluthi ya sufuria, upande wa nne ukiwa wazi kuelekea upepo unakokwenda. Mtungi unakaa nje ya kizuizi. Nimekuwa nikiupima mtungi kwa mzani kabla na baada ya kupika: bila kizuizi, pishi moja la lita 40 lilikula kilo 2 na kitu. Kwa kizuizi, kilo 1.3 pamoja na saa nzima ya kuchemsha hopsi. Mtungi wa kilo 15 sasa unanipa mapishi kumi na moja badala ya saba.

Fundi huyo huyo ndiye aliyenitengenezea fremu ya chuma cha engo. Lita 40 na sufuria yake zinapita kilo 45, na miguu myembamba inayokuja na majiko ya bei nafuu haikuumbwa kwa uzito huo kwenye udongo wetu. Fremu iwe fupi, isizidi goti, na miguu yake itanuke kuliko sufuria. Akuachie sentimita 10 hivi kati ya kichwa cha jiko na kitako cha sufuria, ili ncha za moto wa bluu ziguse kitako bila kupanda ubavuni.

Kama moto ni wa njano na sufuria inashika masizi, fungua zaidi kile kitundu cha hewa penye shingo ya jiko. Huku kwetu hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo jiko lililowaka vizuri pwani linaweza kukohoa hapa.

Pika nje. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kujikusanya kwenye pembe za chumba, na jiko la ukubwa huu ndani ya banda lililofungwa linaweza kuua kwa hewa yake ya sumu bila harufu yoyote. Usiondoke pale maji ya kimea yanapokaribia kuchemka: povu lake hupanda ghafla, humwagikia moto na kuuzima, na gesi inaendelea kutoka. Na nizungumzie pombe ya kuchachusha tu, ya kunywa na jamaa. Kuuza kunataka leseni, na kukeneka gongo ni kosa kisheria.

Ukishakamilisha vifaa vyako, pishi la kwanza liwe la maji matupu. Jaza sufuria, pima mtungi, washa, angalia saa mpaka yachemke, pima mtungi tena, kisha andika ubandike ukutani. Karatasi yangu inasema: lita 40, dakika 46, gramu 600, upepo wa wastani.