Kosa la jinai hutungwa na nani?

Wiki hii nimechagua maswali manne, yote yakigusa jambo moja: nani mwenye mamlaka ya kusema kitendo fulani ni jinai.

Mzee mmoja hapa kijiweni anasema sheria za jinai waliziacha Waingereza. Mbona zinatubana mpaka leo? (Msomaji, Tandahimba)

Mzee kasema kweli, ila hakumalizia. Mwingereza alipoishika Tanganyika baada ya Mjerumani kushindwa vita, alianza kutumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Mwaka 1930 akaleta nyingine, ambayo asili yake ni Queensland, Australia. Huko iliandikwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Humo ndimo ilimotoka Kanuni ya Adhabu tuliyonayo, Sura ya 16, iliyoanza kutumika mwaka 1945. Hakuna mkulima wa Makonde aliyeulizwa.

Tangu uhuru, hata hivyo, mwenye kalamu ni Bunge. Limeirekebisha Kanuni hiyo mara nyingi, likatunga na sheria nyingine pembeni: makosa ya kujamiiana mwaka 1998, uvuvi wa baruti katika Sheria ya Uvuvi ya 2003, makosa ya mtandao mwaka 2015. (Zanzibar wana sheria yao ya adhabu.) Kinachoniuma mimi ni lugha. Mpaka mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Miaka yote hiyo mtu alifungwa kwa maandishi asiyoweza kuyasoma!

Nikifanya jambo leo, kesho Bunge likalifanya kosa, naweza kushtakiwa? (Kilwa Masoko)

Huwezi. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza, na inakataza pia kukupa adhabu kubwa kuliko iliyokuwepo ulipotenda. Lakini sheria ikishakuwepo, kusema "sikujua" hakukuokoi.

Mbuzi wangu waliingia shamba la mtu. Mwenyekiti akanitoza faini papo hapo, hakuandika popote. Ana uwezo huo? (Newala)

Kwa neno lake tu, hana. Kijiji kinaruhusiwa kuwa na sheria ndogo, lakini zina njia yake: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, umwombe kwa heshima akuonyeshe hiyo sheria ndogo: ina muhuri wa wilaya? Kifungu cha mifugo kinasemaje, na faini ni kiasi gani? Kisha dai stakabadhi ya fedha uliyotoa. Hela ya faini isiyo na stakabadhi mimi siiamini hata kidogo. Na kama unalikana kosa, wa kukutia hatiani ni mahakama, si kikao.

Ila jirani yako aliyeliwa mazao ana haki ya kulipwa. Hilo ni dai la madai, yaani la mtu na mtu, si la jinai; usilikwepe kwa kisingizio cha stakabadhi.

Binti wa jirani, mwanafunzi wa darasa la sita, kapewa mimba. Wazee wa pande zote wamekaa, mwanaume kalipa, wanasema yameisha kimila. Yameisha kweli? (Mama, Lindi)

Hayajaisha, mama. Mila zetu zina nafasi kwenye mambo ya madai, kama mirathi. Haziwezi kufuta jinai. Mahakama inaweza kuhimiza watu wapatane kwenye makosa madogo, mfano ugomvi wa kupigana makofi, lakini huu ni ubakaji. Mtoto wa umri huo hata akisema alikubali, kwa sheria hajakubali. Anayeshtaki ni Jamhuri, kwa hiyo wazazi wa binti hawana cha kusamehe kwa niaba yake, na fedha waliyopokea haimwondolei yule mwanaume kosa.

Huhitaji ruhusa ya familia. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, toa taarifa. Binti apelekwe hospitali mapema. Nenda leo, mama.