Kabla Hujalipia Mzigo wa Ndege, Uliza Ni Ndege Gani

Oveni ilikuwa ya mama mmoja mwenye bekari Mbagala. Alinipa nusu ya pesa, tukakubaliana ije kwa ndege kutoka Guangzhou maana Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na mikate ya futari ndiyo inayomlipia kodi ya fremu. Mtu wa kago wa kule akaniambia, "Dada usijali, ndege zipo kila wiki." Nikalipa. Siku kumi zikapita oveni bado imekaa stoo, na kila nikipiga simu jibu ni lile lile: nafasi hakuna.

Nafasi ilikuwepo. Sanduku la oveni lilikuwa na kimo cha sentimita 178, na ndege waliyoipangia ilikuwa ya abiria. Lisingeingia hata ndege ingekuja tupu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyepakia mizigo miaka mingi pale uwanja wa Julius Nyerere, sasa amestaafu, anauza vinywaji Kipawa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akacheka kwanza. "Mwanangu, wewe umenunua kilo. Umeuliza mlango?"

Ninachowashauri wenzangu wa Kariakoo, hasa wanaoanza, ni hicho tu. Sisi tunauliza bei ya kilo na siku za kufika. Anza na aina ya ndege, tena kwa jina lake kamili lenye namba. Mtu wa kago akikujibu "ndege kubwa", mwambie hilo sio jina.

Nitazungumzia Boeing kwa sababu ndizo nilizopitishia mizigo mingi, na namba zake ukizijua zinasomeka kama namba za daladala. Namba ya kwanza ni ukoo. 737 ni nyembamba, ndani ina njia moja katikati ya viti. 767, 777 na 787 ni pana, njia mbili. Namba inayofuata mara nyingi inakuonyesha urefu: 787-8 ina mita 57 hivi, 787-9 mita 63, 787-10 mita 68. Ukiona herufi F peke yake baada ya namba, hiyo ni ya mizigo tangu kiwandani.

Sasa tuingie tumboni. Air Tanzania walianza kutumia 787-8 mwaka 2018, ina viti 262, na ndizo zilizotufungulia njia ya moja kwa moja ya Guangzhou. Chini ya miguu ya abiria kuna nafasi ya kontena za ndege na paleti, yaani sahani bapa za kupangia mizigo, ila kimo cha mzigo hakivuki sana sentimita 160. Hapo uhesabu na ubao wa chini ambao fundi wa kiwandani hakukutajia! Halafu kumbuka mle ndani abiria ndiye mwenye nyumba, wewe na katoni zako ni wageni. Abiria 262 wakija kila mmoja na mabegi mawili ya kilo 23, hizo ni zaidi ya tani 12 kabla yako. Ndiyo maana siku ndege imejaa wafanyabiashara wanaorudi na mabegi yaliyovimba, mzigo wako unaachwa, na wala hakuna aliyekuonea.

737 ni habari nyingine kabisa. Zile 737 MAX 9 za Air Tanzania zilizoanza kuja Oktoba 2023, zenye viti 181, tumbo lake halipokei kontena. Vitu vinaingizwa kimoja kimoja kwa mkono, kijana yuko ndani amepiga magoti, na mlango wenyewe haufiki mita moja kwenda juu. Ukimletea furushi moja la kilo 90 lililofungwa kamba, unamtesa yeye na unajitesa mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo litakalobaki. Gawa katoni za kilo 25 au 30. Mimi nikijua mzigo utamalizia safari kwenye 737, namwambia muuzaji afungashe hivyo tangu kiwandani, hata akinung'unika.

Ndege ya mizigo yenyewe ndiyo iliyookoa oveni yangu. Hapa nyumbani tuna 767-300F, iliingia Juni 2023, inabeba tani 54. Ghorofa ya juu, pale ambapo kwenye ndege nyingine pangekuwa na viti, unaweza kusimamisha paleti yenye kimo cha sentimita 240 hivi. 777F ni kubwa zaidi, tani 102, na kimo kinakwenda hadi mita tatu. Kuna watu bado wanaulizia 747, ile inayofungua pua ikameza mzigo mrefu. Zinaruka bado, lakini Boeing wamekwishaacha kuzitengeneza, ya mwisho ilikabidhiwa Januari 2023. Hata 767F wametangaza kuwa uzalishaji unakoma 2027, kwa hiyo hii yetu tuitunze.

Ndege ya mizigo ina ubaya wake. Haina ratiba ya kila siku, na bei ya kilo mara nyingi iko juu. Mzigo mfupi na mwepesi, nguo, vipodozi, viatu, mimi naupeleka tumboni mwa ndege ya abiria bila kufikiri mara mbili.

Betri zinanikera kuliko yote. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu za kuchaji zinazosafirishwa peke yake, yaani bila kifaa chake, haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria kama mzigo. Zinakwenda kwa ndege ya mizigo tu, na chaji yake isizidi asilimia 30. Wapo wenzetu wanaficha pawabenki katikati ya majinsi. Mashine ya ukaguzi inaziona, mzigo wote wa pamoja unazuiwa, na wewe mwenye katoni mbili za nguo za watoto unasubiri wiki mbili kwa dhambi ya mtu usiyemjua. Yamenikuta. Sasa kabla sijaingiza katoni zangu kwenye mzigo wa pamoja nauliza waziwazi: humu kuna betri? Na pawabenki yako mwenyewe ukisafiri, iweke kwenye begi la mkononi.

Jambo la kilo mnalijua wengi: mzigo mkubwa ulio mwepesi unalipiwa kwa kilo za ukubwa wake, si za mizani. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Oveni ilikuwa 110 kwa 95 kwa 178, ikatoa kilo 310, wakati kwenye mizani ilikuwa 240. Nililipia hewa kilo 70.

Siku moja kabla ya safari uliza tena. Ndege hubadilishwa, ya 787 inaharibika inaletwa nyingine, na mpango wako wote wa paleti unakufa.

Wengine mnaniuliza kama naipanda MAX, kwa kuwa mnakumbuka ile ya Machi 2019 iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi wakafa watu 157. Ndege hizo zilisimamishwa karibu dunia nzima, programu iliyokuwa inasukuma pua chini ikarekebishwa, na Marekani waliziruhusu tena Novemba 2020. Naipanda. Dua nasoma, lakini dua naisoma hata kwenye mwendokasi.

Mama wa Mbagala, aliyepokea oveni yake Ramadhani imebaki siku nne, alinisamehe, ila naye akachelewa kunilipa ile nusu nyingine. Mwezi uliopita akaagiza ya pili. Nimemtumia fundi wa kiwandani picha ya futi yangu ikiwa imefunguliwa hadi 160, nikamwambia afungue magurudumu ayaweke kwenye katoni ya pembeni. Amenirudishia vipimo: 151, pamoja na ubao.